Kwa Nini Wazazi Maskini Wanakimbia Masomo ya Ndoa

(Mazungumzo ya redio juu ya amani katika jamaa. Yamechapwa hapa kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale wasio na redio, na kwa wakubwa wanaopenda kuyasoma mbele ya watu wao.)

 

Siku ya leo tunazungumza juu ya masomo ya ndoa. Najua kuna atakayesema: vita iko mlangoni, chakula hakipatikani, na huyu anatuletea habari za ndoa. Ngojeni kidogo. Katika kambi na mitaa nilikopita, magomvi mengi yanayofika mbele ya mzee wa kambi hayatoki kwa askari. Yanatoka chini ya hema: mali ya ndoa isiyotolewa, mimba ya binti, mjane anayefukuzwa na shemeji zake, mtoto anayekosa jina la baba. Na kila moja linaweza kukua mpaka likawa la kabila na kabila.

Mara ya kwanza nilipotumwa kufundisha wazazi, nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nina diplome yangu ya sheria na Kode ya Familia chini ya kwapa. Katika orodha kulikuwa majina mia na zaidi. Walikuja watu thelathini na wawili, na kati yao wababa watatu tu. Nikasema kwa muda wa saa mbili. Nikaeleza haki za mke, haki za mume, kifungu hiki na kifungu kile. Nilipomaliza, mama mmoja mzee kidogo akasimama akasema: «Mwanangu, maneno yako ni mazuri. Lakini bwana yangu, tangu tuzae watoto watano, hajapeleka hata mbuzi mmoja kwa baba yangu. Sasa mimi nimekuja hapa kusikiliza ndoa ya nani?»

Watu wakacheka. Mimi sikuwa na jibu. Lakini ulizo la mama yule lilinifundisha kuliko mwaka mzima wa chuo.

Sisi waalimu wa raia, na watu wa mashirika, na hata wahubiri, tumezoea kusema kwamba maskini hawajali ndoa. Tunasema wanaishi ovyo, wanazaa ovyo, ndiyo maana hawataki masomo. Mimi leo nasema kinyume. Mzazi maskini haidharau ndoa. Anaiheshimu kupita kiasi, mpaka anaiona ni kitu cha watu wengine: cha mwenye ng'ombe, mwenye suti, mwenye kulipa sherehe. Yeye anakaa katika kile tunachokiita kwa Kilingala «yaka tofanda», njoo tuikae, na anangojea siku atakayopata. Siku hiyo haifiki. Tena vita inapokuja, inazidi kwenda mbali, kwa sababu ng'ombe wameporwa na shamba limebaki nyuma.

Mtu wa namna hii ukimwita kwenye somo la ndoa, anasikia nini? Anasikia kwamba unamwita kuja kukaa mbele ya watu kama mkosefu. Baba mmoja aliniambia bila kuficha: «Nikija pale, bukwe yangu atajua kwamba ninakumbuka deni lake.» Basi anakwenda kutafuta makala msituni, na jina lake linabaki katika orodha.

Na si hapa Kongo tu. Huko Marekani, nchi yenye mali tusiyoweza kuihesabu, serikali iliona kwamba watu maskini wanazaa bila kuoana, ikafikiri dawa ni kuwafundisha. Tangu mwaka wa 2006 walitenga dola milioni 150 kila mwaka kwa masomo ya ndoa na ya ubaba. Katika kazi moja kubwa waliandikisha wazazi zaidi ya jozi 5,000, watu wasiooana na wenye mtoto mchanga au mimba, katika sehemu nane. Waliwapa walimu waliofundishwa, chakula, usafiri, hata mtu wa kulinda watoto wakati wa somo. Pamoja na hayo yote, karibu nusu ya jozi zilizopewa nafasi ya kusoma hawakufika hata somo moja. Baada ya miezi 15 walipowauliza, waliofundishwa na wasiofundishwa walikuwa karibu sawa: hawakuoana zaidi, hawakupatana zaidi. Mahali pamoja, Oklahoma City, ambako watu walihudhuria kwa wingi, mambo yalikuwa mazuri kidogo. Mahali pengine, Baltimore, yaliharibika.

Lakini kulikuwa wanawake wawili wenye elimu, Kathryn Edin na Maria Kefalas, ambao walifanya kazi kwa namna nyingine. Walikwenda kukaa na wamama maskini 162 katika mitaa ya Philadelphia na mji wa jirani wa Camden, wakawasikiliza kwa miaka, wakatoa kitabu mwaka wa 2005. Walichokisikia kinafanana sana na maneno ya mama yule wa hema. Wamama wale walisema ndoa ni jambo kubwa, si la mchezo. Kwanza nyumba, kwanza kazi, kwanza fedha ya sherehe yenye heshima. Kuzaa hakungojei, lakini ndoa ingoje, kusudi isije ikavunjika na kuwaletea aibu. Hawana mahari kama sisi, lakini wana mlima wao wa kupanda mbele ya ndoa, nao wamekaa chini ya mlima ule kama sisi chini ya wetu.

Turudi kwetu. Kuna jambo lingine ambalo nilichelewa kulifahamu. Tunaposema «masomo ya ndoa» tunasema kana kwamba sisi ndio tulioyaleta ndani ya gari, pamoja na karatasi na kalamu. Si kweli. Masomo hayo yalikuwako. Binti alifundishwa na shangazi yake, dada ya baba. Yeye ndiye aliyemwambia namna ya kukaa na bwana, namna ya kunyamaza na namna ya kusema, na ndiye aliyekwenda kumwona wakati mambo yalipokuwa mabaya. Kijana alikuwa na mjomba na babu kando ya moto. Baba na mama wenyewe hawakusema na watoto wao juu ya mambo haya. Ilikuwa haya. Hata leo ni haya.

Sasa shangazi yuko wapi? Mmoja alibaki Masisi, mwingine alivuka mpaka, mwingine hajulikani kama yuko hai. Kambi kubwa zilizozunguka Goma zilipovunjwa mwezi wa pili wa 2025, hata jamaa zilizokuwa zimeanza kukutana zilitawanyika tena. Mtoto wa kike wa miaka kumi na minne anabaki na wazazi wawili ambao desturi inawakataza kusema naye, ndani ya hema moja la plastiki ambamo anasikia kila kitu usiku. Magomvi ya wazazi ndiyo somo lake la ndoa. Nani mwingine atamfundisha?

Wazazi wanalijua hili vizuri. Nilipoacha kuuliza «mnataka somo la ndoa?» na kuanza kuuliza «nani atasema na binti yenu?», watu walinisogelea. Mama mmoja alisema: «Utupatie shangazi.» Hakutaka mwalimu, alitaka shangazi. Kwa hiyo ninyi wakubwa wa kambi, kabla ya kutafuta mtu wa shirika, hesabuni wamama wazima walio kati yenu, wale ambao watu wanaamini kinywa chao. Wawili au watatu katika kila mtaa wa hema wanatosha kuanza.

Kwa wababa, njia ni nyingine. Baba hapendi kufundishwa mbele ya mke wake, na zaidi hapendi kufundishwa jambo ambalo anajua litamaliza kwa kumshitaki. Hapa katika Kivu, kati ya mwaka wa 2016 na 2018, shirika la IRC lilikusanya wababa katika vikundi kwa majuma 16, na watafiti walipima matunda yake. Habari zake zilitolewa mwaka wa 2020, na ni lazima tuziseme zote, nzuri na mbaya. Wake walisema kwamba mabwana wao walianza kusaidia kazi za nyumbani na kwamba maisha yao pamoja yalikuwa mazuri zaidi kidogo. Wababa wenyewe walisema nia yao ya kutumia nguvu imepungua. Lakini hesabu ya wake waliopigwa au kuteswa na mabwana zao haikushuka kwa namna ya kuonekana wazi. Majuma 16 yanaweza kumpa mtu maneno mapya. Mkono ni kitu kingine. Yule anayewaahidi kwamba semina ya siku mbili itatengeneza nyumba zenu, mwulizeni vizuri.

Sasa nataka kuwaeleza jambo lililotokea katika kambi moja, sitaitaja jina. Kijana wa kabila moja alimpa mimba binti wa kabila lingine. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, kijana ishirini na mbili, na walitaka kukaa pamoja. Baba wa binti akadai ng'ombe watano, na juu yake faini ya mimba. Baba wa kijana alikuwa na bidoni mbili na jembe. Ng'ombe watano katika kambi! Kwa baba wa binti, kupokea kidogo kulikuwa kukubali kwamba mtoto wake ni wa bure. Kwa baba wa kijana, kuambiwa ng'ombe watano kulikuwa kutukanwa. Siku ya tatu vijana wa pande zote mbili walikuwa wameshika fimbo, na hapakuwa tena habari ya mimba. Ilikuwa «watu wale» na «watu hawa».

Wazee wanne, wawili wa kila upande, walikaa tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Niliitwa kwa sababu ya sheria, na kusema kweli nilisema maneno machache tu siku ile. Nilifungua Kode ya Familia nikawasomea kwamba sheria yetu inataka mali ya ndoa itolewe, lakini inasema inatosha iwe imetolewa «walau kwa sehemu» ili ndoa ifungwe. Mzee mmoja akaniomba nirudie. Nikarudia. Akageuka kwa mwenzake akasema: «Hata babu zetu walifanya hivyo. Nani alimaliza mali siku moja?» Na ni kweli. Zamani mali ya ndoa ilikuwa njia ndefu kati ya jamaa mbili, haikuwa bei ya sokoni. Walipatana mbuzi wawili na jembe, mbuzi mmoja sasa na mwingine baada ya mavuno yatakayopatikana, na yaliyobaki yakaandikwa kwenye karatasi, pande mbili zikatia sahihi na kidole. Faini ya mimba iliachwa. Baba wa binti alikunja uso mpaka mwisho, siwezi kuwadanganya. Lakini alipokea jembe kwa mikono miwili.

Wasikilizaji, angalieni vile binti alivyokuwa na miaka kumi na tisa. Kama angekuwa na kumi na sita, nisingekaa pale kusaidia mapatano. Sheria ya mwaka wa 1987 ilimkubali msichana wa miaka 15 aolewe. Sheria ya kulinda mtoto ya mwaka wa 2009 ilikataza, na Kode ya Familia ilipotengenezwa upya mwezi wa saba wa 2016, ikaandikwa miaka 18 kwa msichana na kwa mvulana. Najua kwa nini mzazi anamtoa binti wa miaka kumi na tano: kinywa kimoja kinapungua, na anafikiri bwana atamlinda kuliko hema. Mimi nimewasikia wazazi hao na siwaiti wabaya. Lakini mapatano hayo hayana nguvu yoyote mbele ya sheria, na mbuzi waliopokelewa hawawezi kuyatia nguvu.

Mtauliza: karatasi zina faida gani kwa mtu asiye hata na sufuria? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapofungua masikio. Somo la ndoa linaloanza na mapendo, wanasinzia. Linaloanza na kiwanja na watoto, wanaamka.

Mume akifa, sheria inawaweka watoto mbele: wao wanapata sehemu tatu kwa nne za urithi, na wanagawana sawa, binti kama mvulana. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anahesabiwa pamoja nao, lakini sharti baba awe amemkubali kama mtoto wake wakati wa uhai wake. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Mjane ana haki vilevile ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi. Lakini mjane anayesemwa katika sheria ni mke wa ndoa. Mama wa «yaka tofanda», hata akizaa watoto wanane na kulima shamba miaka ishirini, shemeji zake wakija kumwambia «wewe ni nani?», hana karatasi ya kuwajibu. Fikirini shamba lenu kule nyumbani. Siku amani itakapowarudisha, nani atasimama juu ya mpaka wa shamba na kusema ni letu, ikiwa baba amekufa njiani?

Ndoa iliyofungwa katika jamaa kwa desturi ni ndoa kweli, sheria inaitambua. Kinachokosa ni kuiandikisha kwenye ofisi ya hali ya raia. Si lazima gauni jeupe, si lazima kreti za bia. Nimewahi kuona wazazi wenye wajukuu wakienda kuandikisha ndoa yao wakiwa wamevaa sandale, wakarudi kupika maharagwe kama siku zote. Bibi yule alikuwa akicheka njia nzima.

Na jambo jingine kwa wababa wanaoogopa kwamba masomo haya yanawanyang'anya nyumba. Sheria ya 2016 bado inamwita mume kichwa cha nyumba. Ilichofuta ni ile ruhusa ambayo mke alipaswa kuomba kwa mume kabla ya kufanya mapatano ya sheria. Siku hizi inasema mume na mke wapatane katika mapatano yanayowafunga, upande mmoja kama upande mwingine. Basi baba naye haendi kuuza shamba peke yake usiku. Kuna wababa waliokasirika nilipowaambia hivyo. Mmoja alikaa kimya, kisha akasema kwamba kama sheria hiyo ingefuatwa na marehemu baba yake, yeye angekuwa bado na shamba.

Kwa ninyi wakubwa wa mitaa na wa kambi mnaopanga masomo haya: msiyaite masomo ya ndoa. Yaiteni mazungumzo ya wazazi. Msiyaweke saa ya kuteka maji wala siku ya kugawa chakula. Wababa wakae na wababa kwanza, wamama na wamama, na mwishoni wakutane wakitaka. Tumieni vikundi vilivyoko tayari, likelemba ya wamama, kikundi cha wenye kupanda mboga, kwa sababu pale watu wanajuana na hakuna anayeonekana ameitwa kwa kosa. Na kama shirika linatoa sabuni kwa wanaohudhuria, watu wajue tangu mwanzo kama sabuni ipo au haipo. Nimeona kikundi kizuri kikifa kwa ajili ya kipande cha sabuni kilichoahidiwa.

Kabla sijaaga, nijibu ulizo moja tulilopokea kwa barua. Mama mmoja anasema: bwana yangu yuko hai lakini yuko mbali, anatafuta kazi. Hatukufunga ndoa. Nimezaa mtoto, ana mwezi mmoja na nusu. Je, ningoje baba yake arudi ndipo nimwandikishe?

Mama, usingoje. Mtoto anaandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na kuandikishwa huko ni bure. Siku hizo zikipita, itabidi upitie tribunali ya watoto, na ni safari ndefu yenye kuchosha. Nenda na karatasi ya kituo cha afya ulipozalia. Kama ulizalia hemani, nenda na mtu aliyekuwako wakati wa kuzaa, na karti yako ya uchaguzi kama haikuungua. Mwambie bwana yako, kwa simu au kwa mtu anayesafiri, kwamba kumkubali mtoto hakungojei mali ya ndoa. Sheria yetu inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, aliyezaliwa katika ndoa na nje ya ndoa. Aje mwenyewe kwenye ofisi akirudi, na wazee wa pande mbili wajue tangu sasa. Habari ya mbuzi wataizungumza baadaye. Wewe umeshahesabu siku arobaini na tano, zimebaki arobaini na tano.